Mwanambuzi Aliyekatazwa Kulia

Siku damu ilipotoka mara ya kwanza, Dama alikuwa kifuani mwangu. Nilikuwa nimerudi kutoka chekechea nilikokuwa nikifundisha, hapo Malindi, sijavua hata viatu, naye akatoka mbio uani akanirukia kama alivyozoea. Nikakohoa. Nilidhani ni kile kikohozi changu cha siku zote, ambacho nilikuwa nakisingizia vumbi la chaki. Nilipoondoa mkono mdomoni, gauni la mtoto lilikuwa na madoa mekundu begani. Akalitazama gauni, akanitazama mimi. Nami nikamsukuma.

Sikumsukuma kwa hasira. Nilishtuka, nikaogopa damu isimfike usoni. Lakini alianguka chini kwa makalio, na mtoto wa miaka minne akisukumwa na mama yake, anachojua ni kwamba amesukumwa tu.

Hayo yalikuwa katikati ya miaka ya themanini, karibu na kuanza kwa masika. Nilipona, namshukuru Mungu. Naandika kwa ajili ya mzazi aliyeambiwa leo kwamba ana kifua kikuu, au maradhi mengine ya kulazwa kwa muda mrefu, na nyumbani ana mtoto ambaye hajafika umri wa kwenda shule. Habari za dawa utaelezwa na madaktari. Mimi nitakueleza habari za huyo mtoto, kwa sababu kwake ndiko nilikokosea.

Hospitalini tulisubiri kwenye benchi refu la saruji, ukutani pamechakaa rangi kwa migongo ya watu. Pembeni yangu akaja kukaa mama wa mwanafunzi wangu mmoja, amempakata mtoto wake mwenye homa.

"Mwalimu Sidi! Umemleta nani?"

"Nimejileta mwenyewe."

"Pole. Malaria?"

Kabla sijajibu, nesi akachungulia mlangoni akapaza sauti: "Wa makohozi waje huku na vikopo vyao!" Nikainuka na kikopo changu. Yule mama akamhamisha mtoto kutoka goti la upande wangu akamweka goti la pili, kisha akaona haijatosha, akahamia mwisho wa benchi. Simlaumu. Mtoto huyo nilimfuta makamasi kila siku kwa leso ileile niliyokuwa nakoholea. Miezi yote niliyoumwa nilikuwa nikisikia mlango wa wodi ukifunguliwa, nafikiri wanamleta mmoja wa watoto wangu wa chekechea. Hakuletwa hata mmoja. Walipimwa, hawakuonekana na kitu. Lakini wapo waliohama mji kabla ya kupimwa, na hao hadi leo sijui habari zao.

Dama naye alipigwa picha ya kifua. Daktari aliponiambia ni safi, nililia palepale kwa sauti, watu wakadhani nimepewa habari mbaya.

Mume wangu, Karisa, alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chumvi Marereni, nyumbani alikuja kwa nadra. Safari hii alikuja na mama yake kutoka Ganze. Wakakaa mkekani, mimi nikakaa mbali, mlangoni, leso mdomoni.

"Mtoto ataenda na mama," Karisa akasema. "Mpaka utoke."

Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke wa maneno machache. Mumewe alishafariki, shamba la mahindi alililima peke yake. Akanitazama macho yalivyokuwa yamejaa, akasema, "Mama Dama, usilie mbele ya mtoto. Ukilia utamtia hofu."

Nikatii. Dama alipokuwa anavalishwa viatu sikulia, sikumkumbatia, sikumweleza lolote. Nilimwambia tu, "Nenda kwa Hawe, uwe mtoto mwema." Hawe ndivyo wanavyomwita bibi kwao. Hakuuliza kitu. Aliondoka akitazama mbele, ameshikwa mkono, na mimi nikajisifu moyoni kwamba tumeagana vizuri.

Wodini kila asubuhi ilikuwa sindano. Baada ya muda sikuwa na upande wa kukalia, nikala nimesimama kama punda. Nilikonda hata sketi nikaifunga kwa pini, na mifupa ya mabega ikatokeza kama ya kuku aliyechinjwa. Kisha masikio yakaanza kulia. Mlio mwembamba, kama mbu asiyetua. Kizunguzungu kikanishika, nikawa nakwenda chooni nimeshika ukuta. Madirisha yalikuwa hayafungwi, hata mvua ya masika ikipiga, kwa hiyo tulijifunika mashuka yaliyolowa. Lakini maziwa tulipewa, na nesi mmoja alikuwa akipasha moto chupa ya maji akanipa nikandie pale panapouma. Sijamsahau.

Kitanda cha jirani kilikuwa cha Bi Rukia, mtu wa mji wa kale, mshonaji wa kofia. Hata mgonjwa alishona, sindano ikiingia na kutoka huku akizungumza.

"Mwalimu, wewe wako yuko wapi?"

"Ganze, kwa bibi yake. Na wako?"

"Kwa dada yangu. Yule mdogo nimemwambia nasafiri, nakwenda Lamu kutembea."

"Hajui unaumwa?"

"Ajue nini? Ni mtoto."

Karisa alikuja siku ya mapumziko yake, miguu imepasuka kwa chumvi, akasimama nje ya dirisha.

"Dama analia sana," akasema. "Kula hataki. Mama anakwenda mbali kutafuta maji, akirudi anamkuta mtoto bado analia palepale alipomwacha. Amechoka, Mama Dama. Mzee yule amechoka."

Nilijisikia mwizi. Maradhi yangu yalikuwa yanamla mzee wa watu aliyekuwa na mzigo wake tayari. Nikafikiri, mimi ni mwalimu wa watoto wadogo. Kazi yangu ni hii. Nikamwomba Karisa aniletee makatoni ya chumvi yaliyotupwa, na mwenzangu wa chekechea akaniletea vipande vya kalamu za rangi. Nyeusi haikuwamo, nikatumia mkaa. Nikakata kurasa, nikachora kitabu. Bi Rukia akakishona mgongo kwa uzi wa kofia, mshono mzuri hata kitabu cha dukani hakina.

Hadithi ilikuwa hivi. Ukurasa wa kwanza, mwanambuzi mtukutu anaruka huku na huku, hamsikii mama yake. Ukurasa wa pili, mama mbuzi anaumwa, amelala. Halafu mwanambuzi analia, anasumbua zizi lote, bibi mbuzi amekasirika. Kisha mwanambuzi anafikiri, anaacha kulia, anakula majani yake yote, anamtii bibi. Ukurasa wa mwisho, mama mbuzi amepona, anarudi zizini, wote wanacheka. Ndivyo nilivyofundishwa kuandika hadithi za watoto. Kosa, adhabu, toba, zawadi. Wodi nzima ilikipitisha mkono kwa mkono. "Wallahi una kipaji," Bi Rukia akasema. Nikakianika juani kutwa nzima kama nesi alivyoniagiza, Karisa akakipeleka Ganze.

Aliporudi mara nyingine alikuwa anatabasamu kabla hajafika dirishani.

"Kitabu kimefanya kazi! Analala nacho. Halii tena, anakula, anaokota kuni. Mama anasema ametulia kama mtu mzima."

Nilifurahi mno. Nilimweleza kila aliyepita karibu na kitanda changu. Hata daktari nilimweleza.

Masika yakaisha, upepo wa kusi ukaanza kuvuma. Makohozi yangu yakapimwa, wakasema sasa siambukizi, naweza kukaa nje na kuonana na mtoto. Mama mkwe akamleta. Niliwaona wakiingia langoni, nikaenda kukaa kwenye kivuli cha tangi la maji. Nilikuwa nimejipaka mafuta na kujitanda leso mpya mabegani ili mtoto asiogope mifupa yangu.

"Shikamoo, Mama," nikamwamkia mkwe.

"Marahaba, mwanangu. Unaendeleaje?"

"Naendelea vizuri."

Dama akasimama mbali. Mikono ameiweka mgongoni, ameishikanisha. "Shikamoo, mama," akasema, kama mtoto aliyetumwa kwa jirani.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Njoo."

Hakuja. "Nimekuwa mwema," akasema.

"Najua. Baba ameniambia."

"Silii. Namaliza chakula chote. Hata nilipoumwa na nge sikulia."

Nikamgeukia mama mkwe.

"Ni kweli," akasema kwa sauti ya chini. "Tulijua mguu ulipovimba. Nikamwuliza, mbona hukuita? Akanyamaza."

Dama alikuwa bado ananitazama. Alikuwa ananikagua, uso, shingo, mikono, kama mtu anayetafuta kitu alichoahidiwa.

"Mbona hujapona?" akauliza.

"Nani alikwambia ukiwa mwema mimi nitapona?"

Akashangaa kwamba namwuliza. Akaenda kwenye kikapu cha Hawe, akakitoa kitabu, kimeshaanza kulegea pembe. Akakifungua ukurasa wa kwanza, akaweka kidole juu ya yule mwanambuzi anayeruka. "Huyu ni mimi. Niliruka." Akafungua wa pili. "Ukatoka damu."

Mimi wakati nachora sikuifikiria siku ile hata kidogo. Niliweka mwanambuzi anayeruka kwa sababu wanambuzi huruka. Lakini mtoto alikuwa amesoma kilichoandikwa. Nilimwandikia, kwa mkono wangu, kwa rangi, kwamba yeye ndiye aliyeniua nusu, na kwamba akinyamaza kabisa nitafufuka. Akanyamaza hata mbele ya nge.

"Kitabu hiki si cha kweli, Dama," nikasema. "Si wewe uliyeniumiza. Nilikuwa naumwa kabla hujaruka."

"Wewe ndiye uliyekiandika."

"Nilikosea."

Mama mkwe akanishika bega. "Usimwambie mtoto umekosea. Atakudharau." Kisha akasema wanachelewa gari. Dama akakirudisha kitabu kikapuni kwa uangalifu, hakuniamini. Nilimwona. Maneno ya mdomo ni maneno tu, na kile kilikuwa kitabu.

Siku zilizofuata sikuwa na hamu ya chakula. Nesi alidhani nimerudiwa na homa. Nilikuwa nalala kifudifudi nawaza miaka yote niliyofundisha. Niliwafundisha watoto kunawa mikono, kupanga mstari, kusema asante. Sikumbuki nimewahi kumwuliza mtoto hata mmoja, unajisikiaje? Aliyelia nilimwambia nyamaza. Aliyekasirika nilimweka pembeni mpaka apoe.

Nilimweleza Bi Rukia. Akashona mpaka uzi ukamwishia, akatunga mwingine.

"Yule wangu," akasema, "dada ananiambia akisikia jina la Lamu huingia mvunguni. Ati Lamu ndiko watu wanakokwenda wasirudi. Jirani kaja na maembe, kasema haya ya Lamu, mtoto kakimbia." Akacheka, kisha akafuta macho kwa ile kofia aliyokuwa anaishona.

"Tungewaambia nini basi, Bi Rukia?"

"Mimi sijui. Nilidhani wewe mwalimu ndiye unayejua."

Sikujua. Ndiyo maana kitabu cha pili kilinishinda. Nilichora zizi lenye ua. Nilichora mama mbuzi ndani, anakohoa. Nikachora mwanambuzi nje. Nilipofika kwenye uso wake mkono ukasimama. Nikimpa tabasamu ni uongo, nikimpa machozi nakisia tu. Mwisho nikaacha uso mtupu, nikaacha na maneno, nikasubiri.

Walipokuja tena niliwapangia mkeka palepale kwenye kivuli cha tangi. Dama akakaa ukingoni. Nikaziweka kurasa mbele yake, hazijashonwa.

"Huyu sijammaliza," nikamwambia. "Sijui uso wake ukoje. Wewe unajua?"

Akaitazama picha. Akamtazama Hawe, kama anaomba ruhusa. Nikampa kipande cha mkaa. Dama akainama, na pale palipotakiwa kuwa uso akachora duara moja jeusi, akalikaza mpaka mkaa ukavunjika.

"Analia?" nikauliza.

"Hapana. Anapiga kelele. Amekasirika."

"Amemkasirikia nani?"

Upepo ukawa unataka kuzipeperusha kurasa, nikazishika kwa mikono miwili.

"Mama yake," akasema. "Alimsukuma."

Nilijua nikilia atanyamaza tena, labda kwa muda mrefu. Na pia nilijua nisipolia nitakuwa namdanganya kwa mara nyingine. Basi machozi yakatoka, nami nikaendelea kusema huku yanatoka.

"Ni kweli. Alimsukuma. Alisukuma kwa sababu aliogopa, si kwa sababu mwanambuzi ni mbaya. Halafu hakumweleza. Akamwacha aende hivyohivyo."

"Aliogopa nini?"

"Aliogopa damu. Aliogopa mwanambuzi naye ataugua. Aliogopa kufa."

"Mama huogopa?"

"Sana."

Dama akafikiri. Akamwonyesha mama mbuzi kwa kidole. "Mchore analia, basi."

Nikamchora. Machozi makubwa, hadi chini, kwa rangi ya buluu. Dama akasogea akaona sawasawa, goti lake likagusa langu, hakuliondoa. Ndipo nikamsikia mama mkwe, ambaye siku hiyo hakuwa amesogea kwenye mkeka, akikohoa kidogo kusafisha koo.

"Na bibi yake mbuzi mchore," akasema. "Na yeye anaogopa."

Sisi wawili tukageuka kumtazama. Alikuwa ametazama upande wa langoni, mikono imekunjwa, uso ule wa mtu anayesubiri gari. Nikamchora bibi mbuzi, nikamwuliza uso wake ukoje. Akasema, "Kama huo wa mama." Nikamchora hivyo.

Ukurasa wa mwisho tulibishana. Mimi nilitaka mama mbuzi arudi nyumbani. Dama akasema, "Bado hajarudi." Akakataa katakata. Basi tukamchora yuko kitandani anakunywa dawa, na mwanambuzi yuko Ganze anakasirika, na jua liko juu yao wote wawili. Kikaisha hivyo. Bi Rukia akakishona, kisha akaniomba nimtengenezee na yeye, cha mama ambaye hakwenda Lamu. Nilimchorea, na uso wa mtoto nikauacha mtupu. Wengine wodini wakaomba pia. Mpaka naruhusiwa kutoka, katoni za chumvi zilikuwa zimehamia chini ya kitanda changu.

Nilitoka sindano zilipokwisha, nikabaki na vidonge vya kumeza nyumbani, vuli ikapita navyo, kaskazi ikaja navyo. Sikio la kulia halikupona. Hadi leo lina ule mlio, na watoto wa darasani kwangu wanajua kuniita kutoka kushoto. Kurudi kazini kulichukua muda, kwa sababu wazazi walikuwa na hofu, na mimi nilikuwa na hofu zaidi yao.

Kitabu hakikumrudisha Dama kwangu kama alivyokuwa. Nataka hilo ulijue mapema, usije ukadhani umeshindwa. Tulipomchukua Ganze alilia njia nzima akimtaka Hawe. Nyumbani hakukubali nimwogeshe. Alimwaga uji makusudi. Karisa akasema, "Huyu ameharibika huko." Nikamwambia mwache. Kila alipokataa amri yangu nilijisikia mwenye hatia, na papo hapo moyo ukapoa, kwa sababu mtoto anayekataa haogopi kwamba atakuua.

Siku moja nilikuwa uani nimemwandalia beseni la maji, yeye amekaa kizingitini amenuna.

"Leo sikupendi," akasema.

Maneno hayo yaliniingia. Nikaweka sabuni chini.

"Sawa, mwanangu. Na kesho?"

Akatazama beseni, akatazama juu, akalifikiria swali kwa haki kabisa.

"Kesho sijui. Utaniuliza."

Basi nikawa namwuliza. Kila asubuhi nikishameza vidonge vyangu nilikwenda kukaa karibu naye na kumwuliza. Siku nyingine alisema ndiyo, siku nyingine alisema hapana, na akisema hapana nilibaki nimekaa hapohapo.